Wino wa Kijani

Garissa, Jumatano

Baba Iftin,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Iftin ameng'oka jino la mbele, mbuzi wa mama yako amezaa mapacha, na mvua imetupita.

Mowlid amefika salama kutoka Uturuki na mzigo wako. Viatu vya Iftin vimemtosha. Chini yavyo nimekuta daftari lako la Kituruki, nadhani hukukusudia lije. Nimelisoma kama mwalimu. Neno ni lile lile, linaongezwa mkia tu: ev ni nyumba, evim nyumba yangu, evimde nyumbani kwangu. Kila ulipokosea mkia, mtu amekusahihisha kwa wino wa kijani. Ana mwandiko mzuri, wa kike. Ukurasa mmoja amechora kikombe cha chai, na wewe ukachora cha pili kando yake.

Uliniambia unasoma peke yako.

Unakumbuka ulipotoka Kutulo ukaja darasani kwangu kujifunza Kiswahili? Miezi mitatu uliandika "kitabu yangu", nami nikakusahihisha kwa wino mwekundu. Baada ya nikaha ndipo ulipokiri kwamba ulijua tangu wiki ya kwanza, ila ulitaka nisimame karibu na dawati lako.

Evimde uliipatia ukurasa wa tano, bila kosa hata moja. Ukurasa wa arobaini umeikosea tena.

Daftari ninalo mimi.

Mwalimu wako wa kwanza,
Batula