Puliza Kama Kuni ni Mbichi

Jumatatu, 3 Machi
Dawa ya Chelangat saa mbili, kama kawaida. Uji. Kisha tukapanda mlima na majani chai mpaka kituo cha kuuzia. Amesimama mara nne. Msichana wa miaka kumi na sita, na mimi mamake, mwenye kikapu mgongoni, nimemwacha nyuma! Virusi vya UKIMWI alizaliwa navyo, alivipata kwangu. Akihema, naumia mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Kliniki wanasema virusi vimelala, havionekani. TB pia hakuna. Sasa mbona pumzi haitoshi? Nimemkalisha jikoni karibu na moto, nimefunga mlango baridi isiingie kifuani. Amekohoa zaidi. Naogopa mpaka nimetia chumvi kwa chai.

Jumanne, 11 Machi
Hospitali, Bomet. Wamempa mrija wa mashine apulize. Akapuliza kama anapoza uji wa mtoto. Tena, vilevile. Nesi akasema haisomi. Ni makosa yangu. Tangu utotoni namwambia pole pole, usijichoshe. Nikasahau niko wapi, nikasimama.
"Chelangat! Kuni ni mbichi, moto unazima, wageni wako mlangoni! Puliza!"
Akapuliza mpaka macho yakatoa machozi. Benchi yote ikacheka. Nesi akasema, "Mama, wewe tukuajiri hapa."
Wakamvutisha dawa ya pampu, tukangoja, akapuliza tena. Namba ya mashine ikapanda!
Daktari ameeleza. Dawa za virusi zinafanya kazi. Ni njia za hewa zimekuwa nyembamba. Nimonia ya utotoni iliacha alama, na wenye virusi mapafu yao huumia haraka, hata virusi vikilala. Moshi unaongeza. Akauliza akikohoa namweka wapi. Nikasema ukweli. Nimeona haya sana. Tumerudi na pampu yake, avute kila siku.

Jumatano, 12 Machi
Nimetoboa ukuta wa jikoni. Dirisha. Jirani akauliza kama natengenezea mwizi njia. Nikamwambia ndiyo, mwizi ni moshi, anatoka leo.

Jumamosi, 29 Machi
Hakusimama! Hata mara moja! Alifika kituoni mbele yangu, akageuka: "Mama, nikubebee kikapu, ama nikubebe wewe?" Nikapiga vigelegele peke yangu katikati ya foleni ya majani. Wacha waangalie.

Jumapili, 30 Machi
Mvua imelowesha kuni. Nimepuliza moto mimi mwenyewe. Chelangat yuko nje anaimba wimbo wa kwaya, ule wenye mstari mrefu. Hajaukata katikati. Moto umezima. Nimeuacha, nasikiza.