Yule Mama wa Njia ya Komanda Yu Hai

Baba,

Huko uliko, kaa vizuri unisikilize, maana nakuletea habari uliyoogopa kuiulizia maisha yako yote. Yule mama yu hai.

Unajua ninayemsema. Ulipougua ulimtaja yeye kuliko ulivyotutaja sisi, hadi Mama akanuna kidogo.

Vita vilipoingia Bunia, Mama alikuwa ametangulia kijijini kwa mjomba, kwenye barabara ya Komanda. Ukatoa madaftari kwenye mifuko yetu ya shule, yangu na ya mdogo wangu Dodo, ukatia mihogo ya kuchemsha, kitenge cha kujifunika na mwiko wako wa kujengea. Tulikuwa tunakimbia vita, Baba, hatukuwa tunaenda kujenga! Ulituambia ni matembezi tu. Dodo aliamini mpaka viatu vilipoanza kumbana, akalia njia nzima.

Jioni bwana mmoja na mke wake wakatukaribisha kwao. Waliposemezana wenyewe kwa wenyewe, tukajua ni watu wa kabila lile tuliloambiwa ni adui. Nao walikuwa wameshatutambua. Mama yule alileta bugali na sombe ya majani ya muhogo, akamega, akala yeye kwanza mbele yetu, kama ilivyo desturi, ili mgeni aone chakula hakina sumu. Wewe ukatushika mikono tusiguse. Desturi hiyo uliijua tangu utotoni, lakini vita vilikuwa vimeshakuvuruga. Sisi njaa ilikuwa inatuua.

Hakukasirika. Aliita watoto wake wawili, akawakalisha kati yangu na Dodo.

"Basi mutakula na ba kwangu," alisema. "Kama iko kitu ndani, tutakufa siye wote."

Ukanawa mikono kwa aibu, kisha ukala kutushinda sote.

Asubuhi mume wake alitupitisha njia ya mashambani, mbali na kizuizi cha wapiganaji, akarudi kwake. Hatujafika mbali tukasikia risasi upande wa nyumba ile. Ulisimama. Ukatazama nyuma, ukatutazama sisi, ukatuvuta mbele. Kwa mjomba, Mama alitupokea akicheka na kulia, lakini wewe ulikaa pembeni. "Banabaua juu yetu," ulisema, ukiamini wale waliotulaza wameuawa kwa sababu yetu, na hukula siku ile.

Vita vilipokwisha ulipita barabara ile mara nyingi ukienda kazini, wala hukuuliza. Nakuelewa. Aliyeuliza angejibiwa.

Baada ya matanga yako Dodo akaniambia, "Yaya," kama anavyoniita mimi mkubwa wake, "tuende tuulize." Tukapanda pikipiki, moyo juu juu. Tulimkuta nje anapukuchua maharagwe, mzee sasa. Nilipoanza kueleza sisi ni nani, alisimama, maharagwe yote chini, akamshika Dodo mashavu, lidume zima lenye ndevu.

"Weye ndjo ule mudogo alikuwa analia juu ya viatu!"

Tukamuuliza habari za zile risasi. Akacheka. "Balipiga mbuzi zetu. Bakakula, bakaenda." Mume wake alifariki miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa, kitandani pake. Wale watoto wawili wana watoto wao. Baba, nililia kwa furaha mpaka dereva wa pikipiki akanionea haya.

Kumbe yeye naye alisikia risasi siku ile, upande wetu, baada ya sisi kuondoka. Miaka yote hii alidhani tumekufa njiani.

"Kila siku ya bafu nasomesha misa," alisema, yaani siku ya kuwaombea wafu. "Ya baba moja na batoto babili. Padiri anauliza majina, namuambia Mungu anabajua."

Milima haikutani, binadamu hukutana. Mwaka huu misa itasomwa kama kawaida, ila safari hii padri atatamka jina lako, maana tumempa. Majina yetu mimi na Dodo tumemwomba ayaache kwanza.

Shusha pumzi sasa, Baba.

Mimi, mwanao mkubwa