Shasi Niliyoikaza

Jumatatu, 5 Julai
Tena chini ya pikapu. Mchanga mgongoni, kutu machoni. Nimevuta kamba ya wavu toka tundu la shasi la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, nikapiga fundo. Halafu nikapima mshazari wa pili, kulia hadi kushoto; ilipaswa kulingana. Fundo limepitiliza vidole viwili. Shasi imepinda, na nyuma ya kabini kuna ufa. Mzee huyu amebeba samaki miaka mingi mno.

Askari wamepita. Gari liko juu ya mawe, kuku wanataga ndani, magurudumu nimeyaficha chini ya kitanda chetu. Mmoja amecheka: "Hii iko maiti." Vizuri. Ibaki maiti hadi siku ya mke wangu Wabiwa kujifungua.

Jumatano, 7 Julai
Mke wangu yuko mwezi wa mwisho. Mtoto wetu wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, kule hospitali ya Nundu. Infirmiye, muuguzi wa hapa, amesema wazi: na huyu ni kisu tu. Gari lingine hapa mjini Baraka halipo. Askari wamebeba yote. Ndiyo maana sina usingizi, ndiyo maana nakula kutu.

Ijumaa, 9 Julai
Nimekata vyuma viwili kwenye ubavu wa lori lililoungua njia ya Fizi. Umeme wa kuchomelea hakuna. Natoboa kwa chuma cha moto, nakaza kwenye shasi kwa bolti, nane kila upande. Shemeji Asukulu, kaka yake Wabiwa, anavukuta moto na kulalamika. Jeki imenyoosha shasi. Fundo sasa linaangukia palepale. Nimefurahi kama mpumbavu.

Jumapili, 11 Julai
Nilitaka kujaribu. Wabiwa alikataa: "Mi niko na uzito ya magunia mbili tu. Unajaribu nini?"

Sikusikia. Nilirudisha magurudumu, nikapakia magunia kumi ya mihogo, Asukulu juu yake, tukapita sokoni watu wakitoka kanisani. Walipiga makofi. Chuma hakikulia hata kidogo. Nilipiga honi. Mimi, mtu mzima, nilipiga honi.

Jumatatu, 12 Julai
Askari wamekuja asubuhi. Komanda wao mwenyewe aliingia chini ya gari, akagonga vyuma vyangu kwa kitako cha bastola. "Fundi, umefanya kazi muzuri."

Saa nane walishafunga bunduki kubwa nyuma. Ningeacha gari juu ya mawe hadi siku yenyewe, lingekuwa langu bado. Najichukia.

Jumatano, 21 Julai. Nundu
Uchungu ulianza jana alfajiri. Tulimbeba Wabiwa kwa kipoyi, machela ya miti, wanaume wanane tukipokezana. Njiani pikapu ilitupita, imejaa askari. Tulipunga mikono, tulipiga kelele. Haikupunguza mwendo. Tulisimama pembeni, tukala vumbi lake.

Tumefika leo mchana. Wabiwa yuko hai. Mtoto hapana. Alikuwa msichana.

Ijumaa, 13 Agosti
Tumerudi Baraka. Komanda ameleta pikapu. Amesema inavuta kushoto, nipime.

Nimetumia kamba ileile. Fundo limeangukia palepale, pande zote mbili. Shasi haijapinda. Shida ni gurudumu tu.

Bolti moja kati ya zile zangu za shasi ilikuwa imelegea. Ningeweza kuiacha. Mkono ukaikaza kabla sijafikiri.

Wabiwa alikuwa anaanika mihogo. Hakuinua kichwa.