Homoni Zangu na Kahawa ya Mama Mkwe

Annastella, nimeumbuka mwenzio!

Si unaujua ule utafiti wa unga wa mazoezi? Majibu ya damu yametoka leo. Baada ya kukimbia, homoni zangu zilipanda kuliko za wote! Dokta Kahangwa akafurahi, akafungua orodha ya nani alipewa unga gani. Kumbe mimi nilipewa unga wa kuzugia, hauna kitu ndani!

Akaniuliza: "Siku ile ya kukimbia ulikunywa kahawa? Nayo hupandisha homoni."

Nikaapa sikunywa. Huku natafuna!

"Unatafuna nini?"

"Kahawa ya mama mkwe, zile buni za kutafuna za Kihaya. Hata siku ile alinipa, ningekataaje?"

KAHAWA! Nimeitamka mwenyewe! Jamani, ya kutafuna sijawahi kuihesabu.

Dokta, Mhaya wa Rubafu kabisa, akaitazama fomu yake ya masharti: "Hata mimi niliandika marufuku kunywa tu, kutafuna nilisahau."

Nimetolewa kwenye utafiti. Kipakiti changu cha kahawa kabaki nacho, nimemwacha anatafuna 😂