Msomaji Mmoja wa Alhamisi

Jumatatu, 4 Machi
Nimefungua saa mbili. Ukungu mpaka mlangoni. Nimefuta meza, nimepanga magazeti. Wasomaji watatu, wote walimu. Barua ya mkoani imefika: idadi yetu ya wasomaji inatiliwa shaka. Tunaazimisha vitabu vichache, lakini daftari linaonyesha umati. Mkaguzi anakuja kesho. Fungu la maktaba la mwaka ujao litategemea atakachoandika.

Jumanne, 5 Machi
Kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Kila sentensi "Ndugu", tabasamu hakuna. Amepekua daftari lote, kidole kikagota kwenye Alhamisi. Nimemweleza: siku ya gulio akina mama wa Lukozi wakishauza kabichi huingia humu, nawasomea kwa sauti. Wengi bado wako kwenye kisomo cha watu wazima. Nawahesabu wote. Amesema msomaji ni mtu aliyeshika kitabu. Nimemchukia papo hapo.

Jumatano, 6 Machi
Kuna jambo nililificha jana. Masika yaliyopita watu walijaa humu kukimbia mvua. Nao niliwaandika kama wasomaji. Niliona aibu ya kurasa tupu. Leo nimemwambia. Amewakata kwa wino mwekundu, polepole, kwa rula. Sasa hata wale wa kweli wanafanana na uongo wangu. Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Alikaa mlangoni kuhesabu mwenyewe. Akina mama wakaja, vikapu wakaviacha nje. Mama Elifuraha, mkubwa wao, akasimama mbele yake. Kijana akainuka haraka.
"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Leo tusomee wewe. Huyu tumeshamzoea."
Angekataaje? Alisoma habari za ugonjwa wa viazi, nusu saa nzima. Wakambana kwa maswali: dawa ipi, inapatikana wapi, mbona bwana shamba hafiki kwao. Jasho lilimtoka. Nilicheka moyoni, nikajua tumepona.
Walipoondoka nikachungulia karatasi yake. Wasomaji: 1.
Yaani yeye.

Jumatano, 20 Machi
Barua. Maktaba inafungwa mwisho wa mwezi. Vitabu vinapelekwa Tanga, mimi nitapangiwa kazi nyingine. Nimeisoma nimesimama. Nina hasira. Na siwezi kumtupia yeye lawama zote. Wale wa mvua niliwaandika mimi.

Alhamisi, 28 Machi
Vitabu vyote vimo makashani, kamba zimekazwa. Akina mama walikuja hata hivyo. Niliwaambia hakuna cha kusoma tena. Nilidhani watarudi sokoni. Wakakaa sakafuni. Mmoja akaanza kueleza tuliyowahi kusoma juu ya kumlisha mtoto anayeharisha, kwa Kishambaa, kwa ajili ya mkwe wake mgeni. Alipokosea mwingine alimsahihisha. Mama Elifuraha akaongeza kipande ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nimekisahau. Nikavuta kiti, nikasikiliza.