Ushauri wa Wifi

Espe, tumetoka sala ya jumuiya hapa Chemchem sasa hivi. Bado siamini.

Unakumbuka Apolinaria alivyomkataza wifi yake, Rustika, kusomea ufundi wa sola? "Wifi, una mtoto mchanga, kazi hiyo haina soko. Somea ususi." Rustika wa watu akamsikiliza, akaiacha nafasi yake chuoni.

Leo mwenyekiti anatangaza tumwombee Apolinaria, kapata chuo. Sola. Sola, Espe. Nafasi ileile aliyoiacha Rustika.

Na wala hakuona haya. "Wifi, niombee wewe, ndiwe unayenijua."

Rustika akampakata mtoto vizuri, akafumba macho. "Bwana, umjalie wifi yangu mtu wa kumshauri kama yeye alivyonishauri mimi."

Tukaitikia amina wote. Apolinaria peke yake hakuitikia.