Fundi Asubiri Kwanza

Kaka yangu,

Nimefurahi umetoka hospitali. Mama ni mzima, ila goti. Mimi nimechoka kama punda wa dobi.

Kazini bado tunarekebisha kiini cha mfumo wa kompyuta. Programu ikidai nafasi ya kumbukumbu kwenye anwani fulani, amri ya zamani ilikuwa inaipa papo hapo na kufuta kimya kimya chochote kilichokuwapo. Baadaye mashine inazimika, na hakuna ajuaye kwa nini. Nikang'ang'ania: programu ipige hodi kwanza, na kama pana kitu, ikataliwe na iambiwe wazi. Sasa wenzangu wananiita Bi Hodi. Wacheke tu.

Umeandika kwamba unataka fundi aje kuchimba msingi wa nyumba yako kwenye kona ya kiwanja aliyokuonyesha Baba. Mama anataka nikudanganye kuwa pale maji yanatuama, mpaka upate nguvu. Nimejaribu kuuandika uongo huo, mkono umekataa.

Mwambie fundi asubiri, kaka. Kwenye kona ile pana mtu. Tulimzika Baba hapo ulipokuwa hujitambui.

Pole sana.

Mdogo wako,
Bi Hodi